Wingu Lililopewa Kiti cha Bi Hadija

"Walimu, wanafunzi, wapishi na mbuzi wakatao njia uwanjani, mnatangaziwa rasmi kwamba hewa ya ofisi ya mkuu wa shule ni safi kuliko hewa ya ufukwe wa Shangani kule mjini."

Tangazo hilo lilichapwa na karani, Bi Hadija, akikohoa kila penye nukta.

Mkuu, Mwalimu Fikirini, alivuta sigara ya umeme yenye harufu ya embe tangu kengele ya kwanza. Alisema ule ni mvuke, mvuke ni maji, na maji hayajamdhuru mtu ila aliyezama. Bi Hadija ana pumu. Baba yake analima korosho, na kwao dawa ya unga ya salfa ikipulizwa hutandika kaniki, kitambaa cheusi, chini ya mkorosho kuona vumbi limefika wapi. Basi akatundika kaniki kwenye mlango wa kabati la ofisi. Kufika saa nne ilikuwa inanata, na sisimizi wamekwisha kupanga mstari.

"Mwalimu, hebu itazame hii kaniki."

"Kaifue, Bi Hadija."

Jumatano mvuke uliacha kutoka dirishani. Ulijikusanya, ukanenepa, ukawa wingu zima, likaketi kwenye kiti cha Bi Hadija na kukunja nne. Mkuu alilisalimu. Ofisi ina viti viwili tu. Akaliandika katika daftari la mahudhurio, maana liliwahi kuliko walimu wote, kisha akaagiza meza ya karani ihamishiwe barazani. Saa ya chai wingu lilipewa andazi. Andazi lilirudi limelowa.

Bi Hadija aliandika barua ya malalamiko. Akajibiwa kwamba kamati ya afya ya wanafunzi ilikagua ofisi, ikanusa, ikaridhika. Sahihi ya kiranja wa afya ipo.

Sasa anachapa nje. Dirisha la ofisi hufungukia barazani, kwa hiyo bado anakohoa, na mara kwa mara wingu hutoa mkono kuomba stepla. Huitoa.

Jana kiranja wa afya alipita na kibali cha kwenda mjini.

"Ulinusa kweli, mwanangu?" Bi Hadija alimuuliza.

Kiranja alitazama viatu vyake. Vilikuwa safi sana. Navijua, kwa kuwa ni vyangu.

"Sikunusa, Bi Hadija. Nilikuwa na mafua. Na kibali hiki Mkuu alikuwa ameshakiandika."

Bi Hadija alikohoa, akakigonga kibali muhuri, maana muhuri bado ni kazi yake. Nikaenda Shangani kupunga upepo.