Biskuti za Kipaimara

Mwalimu Kornelio alitoka Chennai na mabegi mawili na uongo mmoja, na hadi gari linakata kona ya Pugu Kajiungeni alikuwa hajajua autue wapi. Mkewe Kokushubila alikuwa amejilaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mdogo wake Vaileth, aliyekuja kuwapokea uwanja wa ndege. Uongo wenyewe ulikuwa mfupi. Kokushubila aliambiwa kwamba madaktari wamempa mapumziko ya miezi mitatu, apate nguvu, kisha arudi India kumalizia matibabu. Daktari hakusema hivyo. Daktari alimwita Kornelio ofisini peke yake, mkalimani pembeni, akamwambia dawa hazifanyi kazi tena, amrudishe mama nyumbani akawe karibu na watu wake. Wiki chache, labda miezi miwili.

Kwetu mgonjwa haambiwi. Anaambiwa mume, anaambiwa kaka, anaambiwa hata jirani mwenye kifua cha kutunza siri, lakini mwenye mwili wake anaachwa. Shemeji yake Kornelio alishapiga simu kutoka Bukoba kusisitiza: "Usimkatishe tamaa dada yetu, mwalimu. Mpe moyo." Na Kornelio, anayesimama mbele ya watoto tisini akieleza sehemu na desimali bila kumeza mate, aliipokea ruhusa hiyo kwa mikono miwili. Tuseme ukweli: hakuwa anamlinda mkewe. Alikuwa anaogopa.

Kule Chennai, daktari alitaka wasubiri siku tisa kabla ya kupanda ndege, mgonjwa apate nguvu kidogo. Hosteli waliyofikia ilijaa wagonjwa na ndugu zao, vitanda vimebanana, ukikohoa unapewa pole na chumba cha tatu. Hapo ndipo Kokushubila alipoanza mtindo wake. Kila jua likipoa, anavaa kandambili na kusema: "Baba Jesca, twende supamaketi."

Supamaketi ilikuwa ng'ambo ya barabara. Kokushubila alishika kitoroli akakiegemea, maana miguu ilikuwa haina nguvu tena, wakapita safu kwa safu wakitazama vitafunwa vya watu. Alikuta ndizi zimekaangwa nyembamba kama kucha, zimefungwa kwenye pakiti, akacheka mpaka akashika ubavu. "Hawa Wahaya wenzangu! Ila nani kawafundisha kuzikausha hivi?" Akakuta fenesi la kukaanga. Akaonja pipi ya ukwaju yenye pilipili, akailaani mpaka kiwanda chake. Siku moja alimwonyesha dada wa kaunta picha ya senene, wale panzi wa kuliwa wa kwao Bukoba, kwenye simu, akimuuliza kwa ishara kama wanao, na yule dada akarudi nyuma hatua mbili. Kornelio alicheka naye. Alilinganisha biskuti zenye picha ya ng'ombe na zenye picha ya mtoto, akasoma majina kwa sauti, akaongea na kuongea, maana akinyamaza alihisi lile neno la daktari linapanda kooni.

Jambo moja lilimkera. Kokushubila hakuweka kitu kwenye kitoroli kabla ya kukigeuza na kusoma tarehe ya mwisho ya kutumika. Wakati mwingine aliirudisha pakiti na kuchokonoa nyuma ya rafu kutafuta nyingine. Kornelio hakuona ajabu sana. Mkewe alikuwa na duka pale Kajiungeni, na mwaka mmoja bwana afya alimmwagia katoni nzima ya juisi iliyopita tarehe, wateja wakitazama. Tangu hapo anageuza hata pakiti ya chumvi.

"Mama Jesca, utachoka," alimwambia. "Twende tukalale."

Kokushubila alimtazama, akangoja, kama vile sentensi haijaisha. Kisha akasema, "Haya, twende."

Sasa wako nyumbani, saa nane mchana, sebule imejaa. Huwezi kutoka ng'ambo ukaingia mikono mitupu, na Kokushubila alikataa kupelekwa chumbani kabla mabegi hayajafunguliwa. Aliwekewa mito kwenye kochi, akagawa mwenyewe. Vaileth alipewa ndizi za pakiti. Mama Hija, jirani wa ukuta kwa ukuta, alipewa chauro ya dengu, ule mchanganyiko wa kukaanga wenye viungo.

"Hii haina nyama yoyote, usiwe na wasiwasi. Kile kidoti cha kijani ndiyo alama yao," Kokushubila alimweleza.

"Nitafuturia leo hii hii," alisema Mama Hija, akaifunga kwenye kona ya khanga. "Na mkirudi huo mwezi wa sita uniletee tena, mwenzangu."

"Muulize Baba Jesca," Kokushubila alijibu. "Yeye ndiye anayejua safari zetu."

Kornelio aliinamia begi, akajifanya anatafuta kitu.

Wa mwisho alikuwa Jesca, binti yao wa miaka kumi na mbili, ambaye tangu mama afike alikuwa amemng'ang'ania mkono. Alipewa kopo kubwa la biskuti za siagi, bati jekundu lenye tausi. "Hili usilifungue," mama yake alimwambia. "Lifungue siku yako ya Kipaimara, mwakani, mwezi wa nane. Sawa?" Jesca aliitikia sawa, huku kucha zimeshaanza kuchokoa gundi ya mfuniko.

Majirani walipoaga, Vaileth alienda jikoni kuchemsha uji, Jesca akatoka barazani na kopo lake. Kornelio alibaki kukusanya masalia. Chini ya begi palikuwa na pakiti moja ya tambi za dengu, ndogo, imeandikwa kwa kalamu *Mama Jesca*. Aliigeuza tu, kwa tabia aliyoambukizwa. Tarehe ya mwisho ilikuwa mwezi ujao, kabla hata ya Pasaka.

"Mama Jesca, hii yako si inakaribia kuharibika? Wewe, na macho yako yale?"

"Niliichagua hiyo hiyo," alisema. "Inanitosha."

Kornelio aliketi kwenye mkono wa kochi. Alikumbuka lile kopo jekundu, jinsi mkewe alivyolichimbua nyuma kabisa ya rafu, akitafuta lenye tarehe ya mbali kuliko yote. Alikuwa amesimama pale pale, amekishika kitoroli, anasifia tausi.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Walikuita ofisini peke yako, na kuanzia kesho yake hakuna nesi aliyekuja kunipima uzito. Mtu wa kurudi baada ya miezi mitatu anapewa kadi ya tarehe. Mie kadi sijaiona." Alivuta pumzi, akapumzika. "Kornelio."

Hakuwahi kumwita kwa jina tangu Jesca azaliwe. Lilimchoma.

"Pale hosteli huwezi kuongea, kila mtu ana sikio. Nikasema basi, nimtoe. Nitembee naye huko dukani, pengine atapata pa kuanzia. Siku tisa nimekutoa. Mie biskuti nazitakia nini, hata hazipiti hapa kooni? Kila tukifika mwisho wa safu nasema sasa ataniambia. Wewe unanionyesha picha ya ng'ombe."

"Niliogopa," alisema Kornelio. Sauti ilimtoka ndogo, ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Najua. Na mie nilikuwa naogopa. Tungeogopa wawili." Machozi yalimtoka bila kelele, hakuyafuta. "Nimeogopa peke yangu siku tisa, na mume wangu nimemshika mkono."

Kornelio alitaka kupiga magoti. Alitaka kusema yote, neno kwa neno, kama mkalimani alivyoyasema, sasa hivi, ingawa muda wake ulikuwa umeshapita. Alikuwa ameshafungua kinywa aliposikia ndala za Jesca mlangoni.

Mtoto aliingia amelikumbatia kopo, uso umekunjwa. "Baba, sielewi. Kama ni za Kipaimara, kwa nini mama kanipa leo? Si angeziweka, anipe siku yenyewe?"

Jikoni mwiko ulikuwa unagonga sufuria. Kokushubila aligeuza kichwa polepole juu ya mto, akamtazama mumewe kama alivyomtazama jioni zile zote, akingoja.

"Mjibu mwanao," alisema.

Kornelio alimtazama binti yake, nywele zilizosukwa jana kwa ajili ya kumpokea mama, kidole juu ya shingo ya tausi. Maneno yalikuwepo. Safari hii yalifika mpaka kwenye meno.

"Mama siku hizi anasahausahau," alisema, na hata akatabasamu. "Ameogopa atasahau alipoziweka. Si unajua, safari inachosha."

Jesca alicheka. "Mama bwana!" akasema, akamrukia mama yake shavuni, kisha akaenda kulificha kopo chini ya kitanda chake.

Kokushubila alinyoosha mkono, akachukua ile pakiti ndogo ya tambi kutoka kwa mumewe, akaiweka kifuani, akageukia ukutani.