Ushahidi wa Shaushi

Alhamisi ya kwanza baada ya mavuno, Marselina alikuwa barazani kwake Masanze akipukuchua mahindi, askari wa Mjerumani walipotokea upande wa Mikumi, thelathini na wanne kwa safu, wakimtafuta babu yake. Mwaka huo wa 1998 walikuwa wamewahi siku mbili, na yeye alikuwa ameanika nguo.

Walikuwa wamekufa zamani, wengi kwa homa, lakini hakuna aliyewaletea barua kwamba vita vya Maji Maji vimekwisha. Marselina alikuwa balozi wa nyumba kumi, na balozi huandika wageni. Alitoa daftari, akamsogezea kigoda shaushi, kama walivyomwita sajini wao.

"Shikamoo, shaushi."

"Marahaba. Waasi wako wapi?"

"Wamekufa, baba. Hata mwaka jana nilikwambia."

"Kila kijiji kinasema hivyo."

"Basi kila kijiji kimefiwa. Umekuja kwa shughuli gani?"

"Kuchoma maghala."

"Andika hapo. Na uandike vizuri, mwaka jana sikuweza kusoma."

Wakachoma. Maghala yenyewe hayakuwepo tangu enzi za babu, lakini moto uliwaka pale yalipokuwa, na harufu ya mtama ulioungua ikaingia kwenye nguo. Kwa siku tatu chakula hakikushibisha. Watu walikula ugali mara mbili, wakanyanyuka na njaa ileile, wakaenda shambani wakinung'unika.

"Mama, huku kwenu hata marehemu wana ratiba?" aliuliza jirani yake Bundala, aliyehamia na ng'ombe kutoka Shinyanga.

"Wewe Msukuma kula unyamaze. Njaa hukuianzia hapa."

Mwaka huohuo shamba la mkonge lililokuwa limekufa lilikuwa linauzwa kwa mwekezaji. Marselina alilima ekari tatu ndani yake kwa miaka kumi na tisa, na hakuwa na nyingine popote. Bwana ardhi kutoka wilayani alisema wanakijiji ni wavamizi, kwa kuwa mzungu wa kwanza wa mkonge alipewa pori lisilo na mtu. Mwenye ushahidi wa maandishi kwamba watu walikuwepo aulete Jumatatu.

Marselina alikwenda kwa shaushi palepale walipopiga kambi. Alikuwa amempa kigoda na maji miaka yote hiyo, na kwao mtu uliyempa kigoda hakatai kukusemea. Shaushi hakukataa.

Jumatatu askari walijipanga nje ya ofisi ya kijiji. Filipo, mtendaji, alilalamika kwamba hakuarifiwa mapema na viti havitoshi. Shaushi alitoa mkobani kitabu cha kumbukumbu za kikosi chake, akakisoma akiwa amesimama. Masanze: nyumba sitini na moja, maghala arobaini, mtama hadi mtoni. Watu walikimbilia milimani, wengi wakafa njaa. Kisha akasoma majina ya wenye maghala. La saba lilikuwa la babu yake Marselina, ambalo halikuwahi kusomwa katika ofisi yoyote, na Marselina alifuta macho kwa pindo la khanga.

Bwana ardhi aliupitia ukurasa mara mbili, akauliza kama mhuri ni halisi. Ulikuwa halisi.

"Mama, umetusaidia sana. Ni kweli watu walikuwepo."

"Asante, mwanangu."

"Na hapa chini kuna amri. Ardhi ya waasi imetwaliwa na serikali. Kwa hiyo mzungu alipewa kihalali, na mwekezaji ananunua kihalali."

"Lakini waliwachomea chakula."

"Hilo nalo limeandikwa," alisema bwana ardhi, akagonga mhuri wa wilaya kando ya ule wa Mjerumani.

"Sikusema uongo, mama," alisema shaushi.

"Hakuna aliyesema umedanganya, baba. Hilo ndilo linalonichosha."

Mwekezaji alipokuja kupima, askari waliombwa wabaki, maana wao tu ndio waliojua shamba lilipoanzia. Walitangulia mbele ya trekta. Marselina alikuwa kwenye matuta yake, aking'oa mihogo ambayo haijakomaa. Shaushi alimwuliza kama amemaliza.

"Bado."

Shaushi aliwasimamisha watu wake, na dereva wa trekta akazima injini. Wote walimsubiri, wafu na walio hai, wala hakuna aliyemharakisha. Alipong'oa shina la mwisho na kujitwisha kapu, aliwapisha njia, wakaingia.