Mziki wa Kompyuta ya Esteria

Nimeuza redio na sabufa hapa Lushoto mjini miaka kumi na sita, na mpaka leo sijamzoea mteja wa kujaribisha. Anaingia, anataka sabufa zote ziwashwe, anatikisa kichwa nusu saa nzima, halafu ananunua waya wa chaja. Siku za gulio ndio wanazidi. Kwa hiyo Alhamisi ile, nilipomwona binti mwenye begi la laptop mgongoni, na nyuma yake mzee aliyevaa koti la kanisani, nilijisemea moyoni: haya Secilia, wamefika.

Mzee nilimpa shikamoo. Akaitikia, akajitambulisha kuwa ni Hezekia wa Mlola, mzee wa kanisa, na huyu ni mwanawe Esteria, mwaka wa pili chuo cha ualimu. Binti naye akanipa shikamoo, vizuri kabisa, na goti akakunja. Niliitikia marahaba nikiwa nimeinama chini ya kaunta natafuta ekstensheni, nikamuuliza, "Hujambo mwanangu? Masomo yanaendaje?"

Kimya.

Nikarudia. Kimya tena. Nilipoinuka nilimkuta anazitazama mashine zangu kana kwamba mimi simo dukani. Nina hasira za karibu, sifichi. Huku kwetu mtoto hamwachi mkubwa akiongea na kaunta. Nikasema ndio hawa hawa, wakishaonja chuo sisi wa dukani tunakuwa takataka.

Mzee aliuona uso wangu. "Msamehe, mama. Huyu hasikii. Tangu mdogo yuko hivyo. Unamtuma maji, analeta kuni. Nimemchapa mpaka nikachoka mwenyewe. Na sasa anataka mziki wa kompyuta, hizi spika zenu, tena wenye sauti kubwa, tena wa bei ndogo. Nimeuza mbuzi, lakini nikasema nitakuja mwenyewe nione kompyuta ya kusomea inataka mziki wa nini."

Nikawasha ile sabufa yenye taa za rangi, ambayo wanafunzi wote wanaililia. Nikaweka flashi ya kwaya kwa heshima ya mzee. Besi ikagonga mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Mzee Hezekia alikunja uso, asijue kwamba mguu wake ulikuwa unagonga sakafu na mimi nauona. Esteria akatikisa kichwa kukataa. Nikaleta ya pili, kubwa zaidi. Akatikisa kichwa. Ya tatu vile vile.

"Sasa unataka ipi?" nilimuuliza, safari hii nimesimama mbele ya uso wake.

"Naomba nijaribu na ya kwangu, mama," akajibu, kwa sauti kubwa kuliko duka lenyewe.

Akafungua laptop, akachomeka waya. Nilingoja nyimbo za vijana. Ikatoka sauti ya mwanamume anafundisha. Alikuwa anaeleza namna ya kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kusoma, na nyuma yake viti vikiburutwa. Ni mwalimu wake wa chuo, alikuwa amemrekodi kwa simu.

Mzee alinitazama, nami nikamtazama.

Kwenye sabufa ile mwalimu alisikika kama mtu aliye ndani ya pipa, besi imemeza maneno. Esteria akainama mpaka sikio lake la kulia likagusa spika, akafumba macho, akabaki hivyo hivyo. Msichana mzima, ameinamia mashine dukani kwangu mbele ya watu. Hapo hasira zilinitoka, nikaingiwa na wasiwasi.

Nilizima mashine. Nikachukua kitambaa cha vumbi, nikaziba nacho mdomo kama mtu anayetaka kupiga chafya, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Esteria, hii nakupa bure. Ichukue."

Alikitazama kitambaa, akatabasamu kwa adabu, akangoja.

"Mzee," nikasema, "huyu hasikii."

"Si ndivyo nilivyokwambia?"

"Hapana, baba. Masikio yake. Masikio yake hayasikii."

Alitaka kucheka, nikaona kicheko kinamfia mdomoni. Akamgeukia binti yake, akamuuliza kama ni kweli. Esteria alinitazama mimi kwanza, halafu sakafu, halafu akayasema yote.

Alikuwa darasa la pili masikio yalipoanza kutoa usaha. Nyumbani walimtia dawa ya matone, usaha ukakauka, wakajua amepona. Hakupona. Alipoingia chuo alikwenda hospitali mwenyewe, akaambiwa asiingize kitu chochote masikioni, kwa hiyo hata zile spika ndogo za masikio hawezi kutumia. Darasani anakaa mbele na kusoma midomo, na mwalimu akigeukia ubao kila kitu kinapotea. Ameshafeli somo moja. Mtihani wa marudio ni mwezi ujao, na akifeli huo anadisko, yaani anafukuzwa chuo, anafunga begi anarudi Mlola.

"Niliogopa, baba," akasema. "Nilijua utauliza mwalimu asiyesikia atamfundisha nani. Ungenitoa chuoni. Ndiyo maana nikasema nataka mziki."

Iliniuma. Mtoto ameona afadhali aonekane mhuni wa disko kuliko baba yake aujue ukweli. Na mimi dakika kumi zilizopita nilikuwa nimeshamhukumu.

Mzee Hezekia alitugeuzia mgongo. Alikwenda kusimama mlangoni.

Mimi nikaingia stoo. Nilikuwa na spika mbili za mbao na amplifaya yake, nilizozinunua kwenye ofisi moja iliyofungwa kule Mombo. Hazina taa wala remoti, na upande mmoja zimechubuka, hakuna mwanafunzi aliyewahi hata kuziulizia. Lakini zilikuwa za kutangazia watu, zilijua kazi ya maneno. Nikaunganisha, nikashusha besi yote mpaka mwisho, nikapandisha ile sauti nyembamba, kisha nikaongeza volyumu.

Mwalimu akatoka kama amekaa juu ya kaunta yangu. Wauza matunda ya pea nje waligeuza shingo. Esteria alisimama wima, hatua nzima kutoka kwenye spika, bila kuinama. Akatoa daftari akaanza kuandika. Halafu kalamu ikasimama. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akarudisha tena.

"Asiharakishwe," akasema. "Mama, amesema mtoto asiharakishwe?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mimi nilisikia aharakishwe." Alinionyesha daftari. Ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri, ulieleza jinsi ya kumharakisha mtoto. "Ndivyo nilivyojibu kwenye mtihani."

Kasilabi kamoja tu kalikuwa kamempita masikioni, na karibu kamrudishe kijijini. Nilimtajia mzee bei ya kuondoa mzigo stoo, akalipa bila kubishana, na chenji akasahau kuipokea. Esteria alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, anasahihisha ukurasa, mwalimu bado anafundisha.

Mzee akaja nyuma yake akasema kitu kwa Kishambaa, chini chini. Mimi nilikisikia. Yeye hakukisikia. Akamgusa bega, Esteria akageuka, mzee akarudia huku ameinamisha uso, maneno yakaishia kwenye kola ya koti.

"Unasemaje, baba?"

Nikapunguza sauti ya mwalimu. Esteria akamkazia macho midomoni.

"Sema kwa nguvu, baba. Sijakupata."

Mtu mzima, mzee wa kanisa, siku ya gulio, mlango uko wazi. Nilidhani atasema basi, si kitu, twende zetu. Lakini alijiweka sawa kama anayesimama kusoma matangazo ya Jumapili.

"Nilikuchapa bure," akasema, na duka zima likasikia, na barabara ikasikia. "Miaka yote ile nilikuchapa bure. Nisamehe, mwanangu."

Nje muuza pea aliacha kupima, ndoo ikabaki mkononi. Esteria alikuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono, na kalamu bado imo vidoleni.

"Basi, baba," akasema. "Watu wanatuangalia."

Mzee Hezekia hakugeuka kuwaangalia. Aliinua uso ili binti aione midomo yake vizuri, akarudia tena, polepole, kwa sauti ile ile.