Anza Sura ya Nne

Siku ile mjinga alikuwa yeye, tusizungushe maneno. Wengine nao wana makosa yao na tutayafikia, lakini aliyelibeba zigo lenyewe kichwani huku akipiga mluzi ni mkutubi wa chumba cha watoto, mwanamume wa miaka hamsini na miwili aliyedhani kwamba ujinga ni kama surua: ukishaugua utotoni, umemalizana nao.

Tuanze na kadi. Kwa miaka miwili, kila mtoto aliyemaliza riwaya na kuipenda alipewa kipande cha manila cha ukubwa wa kiganja ili awaandikie wenzake kwa nini waisome. Kadi ilibandikwa ukingoni mwa rafu, chini ya kitabu chake. Sharti lilikuwa moja tu, na alilitunga mkutubi mwenyewe: mwandikie mtoto mwenzako, usimwandikie mwalimu. Basi watoto wakaandika. “Ukikianza hiki jioni, vyombo vitalala bila kuoshwa.” “Shujaa wa humu ni mjinga lakini anajirekebisha.” “Ukurasa wa 61 mbwa anakufa. Kama machozi yako yako karibu, ruka.” Watoto wakiingia walisoma kadi kwanza, vitabu baadaye, na mabishano yaliyozuka pale rafuni yalimfanya mkutubi ajione mtu mwenye soko.

Alhamisi, mkuu wa maktaba alipita na faili kwapani, akasimama, akazikunjia uso zile karatasi.

“Jumatatu tuna wageni wa wizara,” alisema. “Hizi zina wino uliovuja, zina vidole vya mafuta, zina makosa ya kila aina. Zitengeneze.”

Mtu mwenye akili angeuliza: nizitengeneze vipi? Mkutubi alikunja mikono ya shati. Aliketi mbele ya kompyuta tangu adhuhuri mpaka watu wa ofisini wakafunga milango, akaandika upya kadi arobaini na tatu. “Riwaya hii inatufunza ushujaa.” “Riwaya hii inatuasa tuepuke tamaa.” Alizichapisha kwa herufi za buluu, akazifunika kwa plastiki, akazipanga kwa rula. Zilimeta. Zile za zamani alizitia kwenye mfuko wa taka, na Ijumaa asubuhi mfagizi akazichoma nyuma ya stoo pamoja na majani makavu. Alipouona moshi dirishani, mkutubi alimpungia mfagizi mkono.

Jumamosi walikuja watoto. Walisoma ukingo wa rafu, wakahamia rafu ya pili, wakasoma tena. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemvuta mwenzake shati akimwambia, “We, njoo uone hiki.” Kufikia saa tano vilikuwa vimeazimwa vitabu viwili tu, atlasi na kamusi. Mkutubi aliutazama ukimya ule akauita heshima.

Ndipo alipoingia Sindano.

Jina hilo alipewa kwa sababu mbili: baba yake ni fundi cherehani, na yeye mwenyewe hupenya. Alikuwa darasa la sita. Gauni lake lilikuwa na mfuko mmoja mkubwa mbele, ambao baba yake aliupima kwa riwaya na si kwa mkono. Siku ile mfuko ulikuwa mtupu na mikono ameifumbata.

“Mjomba, kadi yangu iko wapi?”

“Shikamoo siku hizi imepanda bei?” alimtania.

“Shikamoo. Kadi yangu iko wapi?”

“Marahaba, mama. Si ile pale? Nimeivalisha suti.”

Sindano hakugeuka kuitazama. “Ile si yangu. Yangu haikusema hivyo.”

“Maneno ni yaleyale, nimeyanyoosha kidogo tu. Baba yako akipiga nguo pasi, nguo inageuka kuwa ya mtu mwingine?”

“Baba hapigi nguo pasi mpaka moto ukaimaliza.”

Watoto wawili waliokuwa mezani waliacha kufunua kurasa. Mkutubi alihisi utani wake umetua chini kama yai. Mtu aliyezoea kuchekesha, asipochekewa, hasira humjia haraka kuliko wengine, na yeye ilimpanda hadi masikioni.

“Sikiliza wewe mtoto. Nimekaa hapa nusu siku nikiwasitiri aibu zenu! Mngetaka wageni wasome ‘machozi yako yako karibu’? Badala ya asante mnaniletea mashavu yamevimba!”

“Hatukuwaandikia wageni,” alisema Sindano. Sauti ilimtetemeka, lakini haikuwa ya kilio. Ilikuwa ya chungu kilichofunikwa na moto haujapunguzwa. “Mimi niliandika kwa mtu mmoja. Unamjua. Tunakaa naye dawati moja.”

Alimjua. Binti mwembamba ambaye mama yake alizikwa wiki tatu zilizopita. Tangu hapo aliwakwepa watu kama mtu anavyokwepa madimbwi.

“Nikimpa kitabu mkononi hakipokei,” Sindano aliendelea. “Ukimwambia soma, anaona unamhurumia. Lakini karatasi anaisoma. Nikamwambia tu, kuna kadi yangu rafu ya tatu, ukipita iangalie. Wiki nzima namwambia. Jana baada ya shule akaja.”

Mkutubi alianza kukumbuka, na alitamani asikumbuke. Ile kadi aliishika Alhamisi, ya ishirini na ngapi sijui, akaicheka kwa sauti. *Anza sura ya nne. Sura tatu za mwanzo ni za watu wenye mama. Utarudi kuzisoma ukiwa tayari, hazitakimbia.* Mvivu huyu, alijisemea, karuka mwanzo na anawafundisha wenzake kuruka. Akaandika: *Riwaya hii inatufunza kuwatii wazazi wetu.*

“Aliisoma,” Sindano alisema. “Halafu akanifuata mpaka dukani kwa baba. Akaniuliza, wazazi gani? Basi. Wazazi gani. Akaondoka, na tangu jana nikimsemesha haitikii.”

Sindano alikinyooshea kidole kitabu cha rafu ya tatu.

“Mjomba, umekisoma kile kitabu?”

Angeweza kudanganya. Watu wazima wana akiba kubwa ya uongo kwa ajili ya maswali mafupi ya watoto.

“Nimesoma jalada,” alisema.

“Vyote arobaini na tatu?”

Mkutubi alikwenda rafu ya tatu, akakitoa kitabu, akafungua sura ya nne akiwa amesimama. Mtoto anaamka asubuhi. Kikombe cha mama yake kiko mezani na chai ya juzi imefanya utando. Mtoto hajui akioshe au akiache, na kurasa tatu nzima anakizunguka kile kikombe kama mtu azungukaye nyoka. Mkutubi alizisoma zote tatu, akarudi nyuma hadi sura ya kwanza: mama anaimba, anamsuka mtoto nywele, anamwambia asitikise kichwa. Akakifunga kitabu upesi, kana kwamba kimemuunguza.

Yeye, kati ya watu wote! Yeye aliyeacha shule mapema na kupasua mbao miaka tisa kwenye kiwanda chenye kelele, na riwaya ya kwanza maishani mwake aliiokota humo ikiwa imechanwa kurasa thelathini za mbele. Hakujua mpaka leo ile hadithi ilianzaje. Aliingia katikati yake kama mtu anayeruka ukuta, na ndani akakuta nyumba. Hakuna aliyemwambia kitabu kile kinamfunza nini. Kama angeambiwa, angekitupa kwenye vumbi la msumeno. Hasira aliyokuwa ameielekeza kwa mtoto iligeuka, ikamrudia yeye, na ilikuwa na meno yote.

“Iandike tena,” alimwambia Sindano. “Nakuletea manila sasa hivi.”

“Ili uinyooshe tena?”

“Siigusi.”

“Ulisema tuandike kwa wenzetu. Ulisema wewe, siyo mwalimu. Kumbe tulikuwa tunakuandikia wewe, na wewe unamwandikia mama mkuu wa maktaba, na mama mkuu anawaandikia wageni.” Alivuta pumzi. “Siandiki. Andika wewe, si unajua kunyoosha?”

Mkutubi aliingiza kucha chini ya kadi ya kwanza ya plastiki, akaivuta. Selotepu ilitoa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Akavuta ya pili, ya tatu. Rangi ya rafu ilibanduka vipande, naye hakujali. Alikuwa anang'oa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayejichapa mwenyewe, na watoto mezani walisimama mmoja mmoja kutazama. Wawili wakaja kumsaidia upande wa chini, ambako magoti yake hayakumruhusu kufika.

Kelele zilimtoa mkuu wa maktaba ofisini, miwani imepanda kwenye paji la uso.

“Nini hiki? Umerukwa na akili? Wageni ni keshokutwa!”

“Nazitoa, mama.”

“Ndiyo kazi pekee nzuri uliyofanya mwaka huu, nawe unaitoa!”

“Ndiyo maana nazitoa,” alisema mkutubi. “Nilizifanya nzuri mpaka hazina mtu ndani. Hakuna mtoto aliyeazima riwaya leo. Tazama daftari.”

“Watoto waazime wasiazime, Jumatatu nataka rafu zinazosomeka. Zirudishe.”

“Sizirudishi.” Alishangaa kusikia sauti yake ilivyokuwa kavu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amemjibu mwanamke huyu kwa vichekesho tu, na vichekesho vilimwepusha na mengi, pamoja na kuheshimiwa. “Ukitaka, niandikie barua. Ila plastiki haitarudi kwenye rafu hii nikiwa na vidole. Watoto wataandika wenyewe, wino uvuje, vidole viwe na mafuta. Na huyu akitaka kumwambia mwenzake aanze sura ya nne, ataanza sura ya nne.”

“Sura ya nne?” Mkuu alicheka bila furaha. “Huo ndio ushauri wa maktaba yangu? Mimi nimesomea kazi hii, bwana. Nimewaona watoto waharibifu, lakini hawa wa kuruka kurasa tunawalea sisi wenyewe.” Alimgeukia Sindano, akainama kidogo, kwa sauti ile ambayo watu wazima huitumia wanapotaka mtoto ashukuru kwa kukemewa. “Mwanangu, kitabu huanzia ukurasa wa kwanza. Aliyekitunga alikaa, akafikiri, akapanga hivyo kwa sababu zake. Au wewe unamjua mwandishi kuliko sisi?”

Sindano alikuwa amekwisha kuchukua kipande cha manila kwenye meza ya mkutubi. Alikuwa ameshika penseli, bado hajaandika neno, na macho yake yalikuwa mekundu kwa ghadhabu.

“Mwandishi simjui, mama,” alisema. “Msomaji ndiye ninayemjua.”