Pua ya Loyi

Anastasie alitoka Butembo, Kongo, na sufuria mbili na ufundi mmoja: kukausha samaki kwa moshi. Aliwanunua wabichi Katunguru, akawauza wakavu soko la Mpondwe, mpakani upande wa Uganda, na watu waliwagombania. Hapo ndipo Loyi, muuza samaki wa meza ya jirani, alipoanza kutangaza kwamba samaki wa yule Mkongo wameoza, tena huoshwa kwa sabuni ya unga. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwahi kuuza Mpondwe. Ndani ya wiki mbili uongo ule ulifika Bwera na kurudi, na wateja wakakatika.

Mwenyekiti wa soko, mzee Kathembo, aliwapatanisha. Loyi alitia dole gumba kwenye mkataba: hatasema tena maneno yale. Akiyarudia, atapika samaki wa Anastasie mbele ya soko zima, na awe wa kwanza kula.

Ahadi aliitimiza. Mdomo aliufunga, pua ndiyo aliyoiziba. Kila mteja alipoikaribia meza ya Anastasie, Loyi alibana pua kwa vidole viwili, akageuka kutazama milima, mpole kama mtawa. Wateja wakapita. Anastasie aliumia kuliko mwanzo, maana matusi ya mdomo hujibiwa, ya pua utayajibuje? Na meza ile ikifungwa hakuwa na pengine pa kwenda. Kwao bunduki zilikuwa hazijanyamaza.

Ijumaa, soko limefurika, akamwita mwenyekiti.

"Papa Mwenyekiti, huyu mama anarudilia maneno ile ile! Na pua!"

"Mimi nilisema nini?" Loyi aling'aka. "Karatasi inasema nisiseme. Sijasema kitu."

Kathembo aliusoma mkataba, akausoma tena, akakuna kidevu. Kweli, pua haikuandikwa. Moyo wa Anastasie ukazama. Kisha mzee akawageukia wanawake wa soko.

"Loyi, ziba pua vile unazibaga."

Loyi akaiziba, kwa madaha.

"Haya, mama zangu. Hiyo pua inasema nini?"

"Samaki imeoza!" soko zima likaitika.

"Kumbe imesema, na wote mumesikia," akasema Kathembo. "Leteni sufuria."

Wapagazi walitua mizigo ili wacheke vizuri. Anastasie alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. Loyi, amenuna, aliwaloweka samaki, akawaunga kwa nyanya na mawese. Alimega kipande kidogo kuliko ukucha, akafumba macho, akameza. Akafumbua. Akamega kingine, kikubwa. Cha tatu hakungoja kuambiwa, na mchuzi akaufuata kwa ugali wa muhogo.

"Iko namna gani?" Anastasie aliuliza.

Loyi aliwatazama watu waliokwisha kupanga foleni kwenye meza ya mwenzake, akaitazama sahani tupu.

"Iko tamu," akanong'ona.

"Hiyo," Anastasie akasema, akimjazia sahani, "urudilie. Na nguvu!"