Magamba ya Mjusi wa Kumi

Mimi mjusi simpendi, na nilimwambia Mzee Harish hivyo wiki ya kwanza tu nilipoanza kumhudumia. Akanijibu kwamba hajaniuliza. Tangu hapo tukaelewana.

Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani kwao, hapa Ilford. Kwa Mzee Harish nina muda wa saa moja kila asubuhi: kumwogesha, dawa, uji. Amezaliwa Moshi, amefundisha elimu ya wanyama hapa London mpaka akastaafu, na Kiswahili chake ni cha kunifunga mdomo mimi wa Bukoba. Macho ndiyo yamemwacha. Anaona mwanga na kivuli changu, basi. Kwa hiyo, baada ya dawa, mimi ndiye macho yake: nafungua kompyuta, nakuza picha za mijusi, namhesabia magamba.

Ni mijusi wa mitini kutoka Guyana, kule Amerika Kusini, rangi ya kijani, wana miiba shingoni. Wanaofanana nao walikwisha kupewa jina zamani, na hao hawazidi magamba sitini kuzunguka kiuno. Mzee alikuwa na tisa wa mlima mmoja, aliowahesabu mwenyewe kabla macho hayajaharibika, na wote walipita sitini na tano. Kwake hiyo ni spishi mpya, na anayeitangaza spishi kwa maandishi ndiye anayeipa jina. Jina alikuwa nalo tayari: la Ushma, mkewe, aliyefariki miaka minne iliyopita. Nilimtania kwamba mume wangu akithubutu kumpa mjusi jina langu, nitatoka kaburini nimfuate.

Jumanne moja zikaja picha za mjusi wa kumi, wa mlima uleule. Mzee alikuwa anamsubiri huyo tu, kisha aitume makala yake.

Nikahesabu kwa ncha ya kalamu, gamba kwa gamba. Hamsini na nane. Nikarudia: hamsini na tisa. Nikamtazama mzee, amekaa wima kwenye kiti, uji unapoa, ananisikiliza nikihema. Nilimpenda mzee yule, niseme ukweli. Kumvunja moyo kwa ajili ya magamba machache ya mnyama nisiyempenda niliona ni ujinga.

"Sitini na saba," nikasema.

"Hesabu tena, mama. Anzia upande wa tumbo."

Nikajifanya nahesabu. "Sitini na saba."

"Mara ya mwisho. Please."

"Mzee, ni sitini na saba. Kunywa uji."

Akaweka kijiko chini. "Miaka hamsini nahesabu magamba, Restuta. Sijapata namba moja mara tatu hata siku moja. Gamba moja litakukimbia, jingine utalihesabu mara mbili. Ni ngapi?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata nusu ya bakuli la uji.

"Hamsini na nane," nikasema. "Na hamsini na tisa. Nisamehe, mzee."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Basi ni walewale," akasema mwishowe. "Jina lao wanalo. Niandikie barua pepe kwa wenzangu, useme si spishi mpya."

"Ni mmoja tu huyo. Si umwache nje?"

"Mmoja anatosha. Nikimwacha nje, kesho kutwa atatokea mtu atamhesabu, na jina litakalofutwa ni la Ushma. Hapana. Andika."

Nikaandika kwa vidole viwili, machozi na hasira vinanibana pamoja. Nikamuuliza, "Mwenyewe angesemaje?"

Hapo akacheka. "Ushma? Aliwachukia mijusi kuliko wewe. Pale Moshi alimkuta mmoja jikoni, akahamia kwa dada yake siku tatu. Angejua nataka kumwita mjusi, angeninunia mpaka leo."

"Sasa ulikuwa unataka nini, mzee?"

Alipapasa meza mpaka akakipata kijiko, akakishika tu.

"Nilitaka watu wasiomjua wamtaje," akasema. "Watoto hatukupata. Nikiondoka mimi, nani atasema Ushma?"

Saa yangu ilikuwa imekwisha, na kule Seven Kings kuna bibi alikuwa ananisubiri. Nikapiga simu ofisini, nikawaambia nitachelewa. Kisha nikavuta kiti.

"Mimi sikumjua," nikamwambia. "Na jana nimemtaja kwetu mezani, mume wangu na wanangu wakisikia. Hebu niambie, alipofika kwa huyo dada yake, Ushma alisemaje mlangoni?"