Ukanda wa Mbwa wa Yadi

King'ora kilipoanza kulia kutoka upande wa njia panda, mlinzi wa yadi ya mbao alizungusha mnyororo mara mbili mkononi, akakaza miguu. Alimjua mbwa wake. Sauti ile ilimtia wazimu. Na walikuwa nje ya geti, hatua nne tu kutoka lami, kwa sababu tajiri mwenye yadi alitaka wapita njia wamwone mbwa, wamwogope.

Mbwa akaruka. Mnyororo haukukatika. Kilichoachia ni ukanda wa shingoni, ambao kifungo chake kilikufa zamani, mlinzi akaufunga kwa waya. Alikuwa ameomba mpya mara tatu. Tajiri alimjibu kwamba waya nao ni chuma.

Gari la wagonjwa lilimkwepa mbwa, likapanda ukingo, likazama mtaroni. Ndani alikuwamo mama mjamzito, uchungu umemkaba. Mlinzi alisukuma pamoja na wapita njia hadi viganja vikachubuka, lakini gari halikutoka, na la pili lilichukua dakika arobaini kufika. Mama alipona. Mtoto hakuvuta hata pumzi moja.

Kwenye kituo cha polisi, tajiri alieleza kwa upole kuwa vifaa vyake vyote ni vizima, ila mzee huyu siku hizi mikono imemlegea. Mlinzi akamgeukia karani wa yadi, aliyeyasikia maombi yale matatu kwa masikio yake. Karani akatazama viatu vyake. Mwenye nguvu mpishe. Naye alikuwa na watoto wa kulisha.

Mzee akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Mkewe alimsihi anyamaze, yaliyopita si ndwele. Akanyamaza siku tatu. Ya nne akaulizia njia hadi kwa yule mama. Alikusudia kumweleza yote, ya waya na ya karani, ili walau mtu mmoja duniani aujue ukweli.

Alimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, mama mkwe wake ubavuni. Maziwa yalikuwa yamepenya gauni kifuani, madoa mawili yakizidi kupanuka, wala hakuyafunika.

"Mwanangu," mzee alisema, "mimi ndiye niliyemshika yule mbwa."

Mama mkwe aliinuka kwa hasira. Yule mama akamshika mkwewe mkono, akamketisha. Kisha akamgeukia mzee.

"Mbwa alipona, baba?"

Mzee alikuwa amejiandaa kwa maswali yote ila hilo.

"Alipona."

"Yuko wapi?"

"Palepale yadini. Wamemnunulia ukanda mpya."

Yule mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyeambiwa bei ya chumvi.

Mama mkwe aliingia ndani, akarudi na beseni la maji ya moto na kitambaa, akaanza kumkanda mkwewe kifua. Hakuna aliyemwambia mzee aondoke, wala aliyemkaribisha kiti. Akageukia ukuta, akasimama hivyo, akisikia kitambaa kikikamuliwa, kikichovywa, kikikamuliwa tena.